Mtu wa Bahari na Dirisha la Asubuhi

Mlioko Mombasa, Malindi na Lamu, mlioko Faza na Kiunga, na nyinyi jamaa zangu wa Koyama, Chovai na Chula, ambao huitafuta redio hii usiku upepo ukitulia, nisikilizeni.

Leo nataka kuwaeleza habari za dirisha. Liko katika hospitali ya serikali ya Malindi, na kila asubuhi, hata siku za sikukuu, watu hupanga foleni mbele yake. Mtu akifika, muuguzi humtazama machoni na kumsikiliza anavyozungumza, kisha humpimia dawa ya maji katika kikombe kidogo. Huinywa pale pale muuguzi akimwangalia, akateremshia na maji, akazungumza maneno mawili matatu ili ijulikane kwamba ameimeza. Baada ya hapo kila mmoja huenda kwenye riziki yake, huyu sokoni, huyu gereji, huyu anawasha bodaboda. Dawa hiyo ni methadoni. Na watu hao ndio wale ambao mitaani tumezoea kuwaita mateja.

Miezi michache iliyopita nilikuwa pale, nimemsindikiza ndugu yangu ambaye habari zake zinakuja. Mbele yetu alisimama kijana mwenye mikono ya kuvuta mshipi, vidole vimechanjwa na uzi. Zamu yake ilipofika hakukimbilia kikombe. Alimuuliza muuguzi, kwa lafudhi ya kwetu ambayo siwezi kuikosea hata nikiwa usingizini: "Dada, nikitoka na mashua siku nne, kikombe changu nitakikuta wapi?"

Yule muuguzi hakumdanganya. Alimwambia kwamba dawa hainywewi ila hapa, kila siku, na kwamba akikosa siku kadhaa mfululizo itabidi wampime tena na wampunguzie, kwa sababu mwili unakuwa umepoteza mazoea yake na kipimo cha zamani kinaweza kumdhuru. Kijana alikunywa, akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono, akaondoka bila ya kusema kitu. Nimelibeba swali lake tangu siku ile. Ili mlielewe uzito wake, yapasa nianzie mbali kidogo.

Chula ni kisiwa cha Wabajuni, kusini ya Kismayu, katika ile safu ya visiwa inayoteremka kuelekea Kiamboni. Wazee wetu walijenga huko kwa mawe na chokaa. Walishona mitepe kwa kamba ya makumbi bila ya kupiga msumari hata mmoja, wakaenda nayo walikotaka. Mtoto wa Chula alijifunza upepo kabla ya kujifunza kusoma. Alijua kaskazi hukupeleka wapi na kusi hukurudisha lini. Nayasema haya kwa sababu watu wakimwona Mbajuni amekaa chini ya mwembe wa mtaa fulani, macho yamelegea, hudhani huyo ametoka kwenye utupu. Huyo ametoka kwenye mui, yaani mji, kama tusemavyo sisi, na mui ule ulikuwa na adabu zake na kazi zake.

Watu wetu walitawanywa mara mbili. Kwanza vilikuja vita vya Shifta, miaka ya 1960, vikavifagia vijiji vya Wabajuni vilivyokuwa bara kaskazini ya Lamu. Watu waliacha mashamba na misikiti, wakakimbilia visiwani, Malindi na Mombasa. Kisha Januari 1991 serikali ya Siad Barre ikaanguka Mogadishu, na waliokuwa na bunduki wakaja kwa wasiokuwa nazo. Visiwani hapakuwa na silaha. Palikuwa na nyavu, mashine za boti na sahani za harusi, na vyote vikachukuliwa. Yaliyowapata baadhi ya wanawake wetu sitayasema redioni. Watu walipanda chochote kilichoweza kuelea wakashuka na upepo hadi Mombasa.

Mimi nilikuwa mtoto nilipofika. Kambi zilikuwa nyingi wakati huo, Utange, Jomvu, Marafa kule upande wa Malindi, na nyingine. Nakumbuka turubai lililovuja na foleni ya maji. Kabla ya muongo ule kwisha kambi za pwani zilifungwa. Kuna waliorudishwa visiwani, kuna waliopelekwa Kakuma, jangwani, watu ambao maisha yao yote hawakuwahi kulala bila ya kusikia mawimbi. Wengine, na sisi tulikuwa miongoni mwao, tulijipenyeza mitaani kwa jamaa na kujifanya wadogo. Kijana wa namna hiyo hana kitambulisho. Shule humuuliza karatasi, polisi humuuliza karatasi, mwenye kazi humuuliza karatasi. Muuza unga hamuulizi kitu.

Nimelitaja neno unga, na msikilizaji wa pwani anajua sisemi unga wa ugali. Heroini iliingia miji yetu miaka ya 1980, ikaja na jina la braunshuga. Malindi na Mombasa zilikuwa na watalii, na palipo na watalii pana pesa za haraka na vijana wanaozungukia pesa hizo. Mwanzo ilivutwa tu. Wengi waliichanganya na bangi ndani ya sigara moja, wakaona ni mchezo wa wakubwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ulikuja unga mweupe ambao huyeyuka vizuri majini, na hapo sindano ikaingia mtaani. Hilo lilikuwa badiliko kubwa kuliko tulivyolijua wakati ule. Mvutaji hujidhuru mapafu na mfuko wake. Mwenye kudunga akiazima bomba la sindano la mwenziwe huazima na damu ya mwenziwe. Dar es Salaam, mwaka 2005, watafiti waliandika jambo ambalo hata leo likinijia huniondolea hamu ya chakula: baadhi ya wanawake waliokuwa hawana pesa ya kete walipewa na wenzao damu iliyovutwa ndani ya bomba baada ya kujidunga, wajidunge hiyo, kwa imani kwamba ina chembe za unga ndani. Yule aliyetoa damu alidhani anamfanyia mwenziwe wema. Haishangazi basi kwamba hesabu za serikali ya Kenya za miaka iliyofuata ziliwakuta na virusi vya ukimwi watu kama 18 katika kila 100 wanaojidunga, mara tatu hivi ya watu wazima wengine.

Na msiniambie bidhaa hii inaota ufukweni kama mikoko. Inatoka Afghanistan, inapakiwa majahazini pwani ya Makran, inavuka bahari ile ile waliyovuka wafanyabiashara wa tende na mazulia. Mwezi wa Aprili 2014 manowari ya Australia iitwayo Darwin ilikamata jahazi nje ya pwani ya Kenya likiwa na kilo 1,032 za heroini zilizofichwa kati ya mifuko ya saruji. Kilo elfu moja na zaidi, katika chombo kimoja. Kijana aliyekamatwa mtaani kwetu na kete mbili mfukoni alipelekwa rumande wiki ile ile.

Sasa niwaambie habari za ndugu yangu. Ni mtoto wa mama mdogo, tumekula sahani moja tangu Chula. Alikuwa mpiga mbizi hodari wa kamba, anashuka akikaa chini mpaka mtu wa juu anaingiwa na hofu. Alianza kuvuta akiwa na miaka 17, na alipofika 20 alikuwa anadunga. Mama mdogo alifanya kila alichoambiwa. Aliambiwa ni jini, akachinja mbuzi. Aliambiwa aozwe, akaozwa, na binti wa watu akaondoka baada ya miezi mitano, vyombo vya ndani vikiwa vimeshauzwa. Kila mzee aliyepita barazani alimtajia ile methali, mchelea mwana kulia hulia yeye, mpaka akakubali mwanawe afungwe mnyororo kwenye nguzo ya chumba cha uani. Arosto, yale mateso ya kukosa unga, ilimpata pale pale. Asiyeiona arosto asihukumu: makamasi na machozi yanatiririka, malaika yanasimama, tumbo linafunguka, kutapika, mifupa kama inasagwa kwenye kinu, na usingizi hauji usiku wa tatu wala wa nne. Alipofunguliwa siku ya tisa alikuwa safi, amekonda, amekaa barazani amevaa kanzu. Tukashukuru Mungu. Siku ya kumi na moja alirudi maskani ya mateja, akadunga kipimo chake cha zamani, na wenzake wakamleta kwenye mkokoteni akiwa hapumui vizuri.

Nilimkimbiza hospitali moja, sitaitaja. Mtu aliyekuwa mapokezi alimtazama mikono akasema kitanda ni cha wagonjwa. Tulikaa sakafuni mpaka alfajiri, nikimpiga mashavu asilale. Alipona kwa rehema ya Mwenyezi Mungu tu.

Kitu ambacho sikukijua usiku ule ni kwamba katika mji huo huo wa Malindi walikuwapo watu ambao wangetupokea. Katikati ya miaka ya 1990 ulianzishwa Malindi mradi unaoitwa Omari Project. Ulijengwa na wenyeji pamoja na mtafiti Mwingereza, Susan Beckerleg, aliyekuwa akiishi na kuandika juu ya watu wa pwani na aliyeona vijana anaowajua wanakwisha mmoja baada ya mwingine. Wakati huo Kenya haikuwa na sera ya maana juu ya mtu wa heroini. Palikuwa na jela, na palikuwa na hospitali za wendawazimu. Watu wa Omari walianza na kitu kidogo: walikwenda maskani. Hawakungoja mgonjwa awafuate ofisini akiwa ameoga. Walikaa naye chini ya mti, wakamsafishia vidonda vya sindano ambavyo vilikuwa vinanuka, wakamweleza juu ya ukimwi na homa ya ini, wakamsindikiza kupimwa kifua kikuu. Waliofanya kazi hiyo wengi wao walikuwa wenyewe wametoka kwenye unga. Walijua lugha, walijua uongo wote wa teja kwa sababu wao waliusema kabla yake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakafungua na nyumba ya kukaa, mtu aachie unga humo kwa miezi kadhaa akiwa na ratiba, chakula na wenzake.

Mimi nakiri kwamba niliwatilia shaka. Nilisema, kama wengi mlivyosema, watu hawa wanawabembeleza wahuni. Aliyenibadilisha ni ndugu yangu mwenyewe, aliyeniambia siku moja, amelala kwenye jamvi, kwamba mtu wa Omari ndiye wa kwanza kwa miaka mitano kumshika mguu bila ya kuvaa uso wa kinyaa. Jambo hilo sikuwa nimelifanya mimi ndugu yake.

Mombasa nako yalikuwapo mashirika mengine, MEWA na Reachout, na huko Pwani Kusini lilikuwapo Teens Watch. Wote walipita njia ya miiba. Mwaka 2012 serikali ilipotangaza mpango wa kuwapa wanaojidunga mabomba mapya ili waache kuazimana, pwani ilichemka. Baadhi ya maimamu walisema mimbarini kwamba huko ni kumsaidia mtu kufanya haramu. Sikuwacheka na siwacheki leo, maana hofu yao ilikuwa hofu ya mzazi. Lakini Iran, ambayo hakuna atakayesema imeuacha Uislamu, ilikuwa inatoa mabomba safi na methadoni tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na Malaysia ikafuata baada ya miaka michache, baada ya kuona magonjwa ya damu yanaingia mpaka kwa wake wa majumbani. Kuihifadhi nafsi ni katika makusudio ya sheria yetu wenyewe. Taratibu mpango ulianza, na baadhi ya waliopinga walikuja kuketi kwenye warsha za mpango huo wakiuliza maswali.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, kwa sababu kuna msimu mmoja ambao naamini ulifungua macho ya wakubwa kuliko ripoti zote. Mwisho wa 2010, kuingia 2011, unga uliadimika pwani nzima. Polisi walikuwa wamekaza, majina makubwa yalikuwa yametajwa bungeni, wauzaji wakajificha. Ungedhani ni furaha. Mitaani palikuwa na kilio. Arosto iliwapata maelfu kwa wakati mmoja, wengine wakauza vyombo vilivyobaki nyumbani, wengine wakameza na kudunga vitu wasivyovijua, na hospitali zikaletewa watu ambao hazikuwa na la kuwafanyia. Msimu ule yeyote mwenye macho aliona kwamba kuukata unga bila ya kumtibu mlaji ni kumkata mtu pumzi.

Majirani zetu walitutangulia. Februari 2011 hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kutoa methadoni, ya kwanza ya serikali katika bara la Afrika kusini ya Sahara; kisiwa cha Mauritius kilikuwa kimeanza tangu 2006. Kenya ilianza Desemba 2014 katika hospitali ya Mathari, Nairobi, na miezi michache baadaye, mwanzoni mwa 2015, likafunguliwa dirisha letu la Malindi. Zanzibar, ambayo ilikuwa na nyumba zake za soba, za kukaa bila ya unga, zilizoendeshwa na waliopona, ilifungua kliniki Kidongo Chekundu mwaka huo huo. Na dawa yenyewe si ngeni. Wajerumani waliitengeneza kabla ya Vita Vikuu vya Pili, na miaka ya 1960 madaktari wawili wa New York, Vincent Dole na Marie Nyswander, walionyesha kwamba mtu wa heroini akiipata kila siku kwa kipimo kinachomfaa anaweza kuamka, akaenda kazini, akalea watoto. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani liliitia katika orodha ya dawa za lazima, orodha ambayo ndani yake kuna dawa za malaria na insulini.

Wala wazo la kliniki inayomfuata kijana alipo halikuzaliwa kwetu peke yetu. Juni 1967, mji wa San Francisco, vijana maelfu walikuwa wametoroka makwao na kumiminika mtaa wa Haight-Ashbury, wanalala mabarazani, wanatumia kila kitu. Hospitali za mji hazikuwataka. Daktari kijana, David Smith, akafungua kliniki ya bure mtaani humo humo, na kauli waliyoishika ilikuwa kwamba matibabu ni haki, si upendeleo. Nilipoisoma habari hiyo niliona mambo yale yale ya Malindi: watu wachache, chumba cha kupanga, vidonda vya kusafisha, na majirani wenye hasira.

Kuna wanaosema methadoni ni kumtoa mtu kwenye unga kumtia kwenye unga wa serikali. Nawajibu kwa utaratibu. Heroini hupanda haraka na kushuka haraka, ndiyo maana teja hudunga mara tatu nne kwa siku, na siku yake yote ni kutafuta pesa ya kete inayofuata. Methadoni hupanda polepole na kukaa mwilini zaidi ya saa 24. Ikipimwa sawasawa haimpi mtu stimu wala haimwachi aingie arosto. Anapata siku nzima ya kuwa mtu. Humezwa, haidungwi, basi na bomba linaondoka. Kipimo huanzia chini na kupandishwa kwa siku na wiki, kwa sababu kuipandisha mbio huweza kumuua mtu, na ndiyo maana anayeiuza au kuionjesha rafiki yake anacheza na roho. Wapo wanaoitumia miaka mingi, wapo wanaoteremka nayo hatua kwa hatua mpaka wakaiacha. Mgonjwa wa sukari hatumuulizi ataacha lini sindano yake.

Ndugu yangu sasa ni mwaka wa sita kwenye methadoni. Ameoa tena. Hapigi mbizi, anatengeneza mashine za boti, na ukimpa Yamaha iliyokufa ataifufua. Lakini alilazimika kuchagua. Aliniambia wazi: "Niliiacha bahari ili nipate kikombe." Kwake ilikuwa bei ya kulipa. Yule kijana wa foleni hana ufundi mwingine. Ana mke Malindi na mama yake yuko Chula, wote wanakula kwa mshipi wake.

Hapo ndipo ninapotaka wakubwa wanisikilize. Kliniki hii imejengwa kwa ajili ya mtu anayelala mahali pamoja. Wateja wake wa pwani, sehemu yao kubwa, ni watu wa chombo. Mvuvi hutoka na bamvua, hufuata samaki hadi Kiwayu, hadi Kiunga, na Mbajuni huvuka mpaka wa Kenya na Somalia kwa sababu mpaka ule hauonekani kwenye maji. Akikosa kikombe siku mbili arosto inamkuta baharini, na baharini wapo wenye kete. Anarudi Malindi ameharibika, anaandikwa kwamba ameacha dawa. Nani amemwacha mwenziwe?

Kumpa mvuvi dawa ya safari si jambo lisilowezekana. Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipozuka, Marekani iliruhusu mgonjwa aliyetulia apewe dozi za hadi siku 28 aende nazo nyumbani, na kanuni hiyo iliyolegezwa kwa dharura ikaja kuwa ya kudumu. Kuna dawa nyingine, buprenofini, ambayo katika nchi za Ulaya na Marekani hupatikana kwa sindano moja inayokaa wiki nzima au mwezi mzima chini ya ngozi. Sindano moja mwezi mmoja, kwa mtu wa mashua! Gharama yake ni kubwa, najua. Hata hivyo chupa ndogo nne zenye kifuniko cha kufungwa, kwa mgonjwa aliyekwisha kuaminika miaka miwili, hazihitaji hela za wafadhili. Zinahitaji kanuni na ujasiri wa kuitia sahihi. Na wakati wa Ramadhani dirisha lingefunguliwa baada ya futari, kwani dawa inayokaa zaidi ya saa 24 haijali ikinywewa mchana au usiku, lakini mgonjwa anayetaka kufunga anajali sana.

Jambo jingine ni wanawake. Tazama foleni ile utahesabu wanaume, wanaume, kisha mama mmoja amejitanda mpaka macho. Msidhani wanawake hawatumii. Wanatumia vyumbani, na wengi walianzishwa na mume au mpenzi. Hawaji dirishani kwa sababu foleni iko mbele ya njia na kila apitaye anamjua shangazi yao. Mlango wa upande na saa yao wenyewe vingewaleta.

Na Chula? Hospitali kubwa iliyo karibu na visiwa ni ya Kismayu, na Kismayu imeona mengi. Mwezi wa Januari 2008 bomu la barabarani liliwaua huko wafanyakazi watatu wa Madaktari Wasio na Mipaka, Mfaransa, Mkenya na Msomali. Tangu wakati ule mji umebadilisha mikono zaidi ya mara moja. Mgonjwa wa visiwani bado huanza safari yake kwa kuuliza bahari ikoje. Sisemi methadoni ipelekwe Chula kesho. Nasema kijana anayerudi kwao kutoka Malindi au Mombasa na ugonjwa huu mwilini asikute kule kile tulichomkutisha sisi, nguzo na mnyororo. Wazee wa visiwa, mnaonisikia: akifika kwenu ameingia arosto, mpeni maji mengi yenye chumvi kidogo na sukari, mlazeni penye upepo, mkaeni karibu. Akipona siku kumi, mwonyeni mbele ya mama yake kwamba mwili umesahau, na kwamba kipimo cha zamani sasa ni sumu. Laiti mtu mmoja angetuambia maneno hayo siku ile ya kumi na moja, tusingelala sakafuni.

Akina mama, mwenye mwana katika hali hii asimfiche. Nendeni kwa watu wa Omari pale Malindi, au MEWA na Reachout Mombasa. Wao ndio wanaomwandikisha mtu na kumtayarisha kabla ya kumfikisha dirishani, na hawatakuuliza umemlea vipi.

Na wewe kijana wa mashua, ulipo. Nimekwenda nikawauliza watu wa kliniki swali lako, na jawabu lao bado ni lile lile. Lakini mzee mmoja wa foleni, mvuvi mwenzio, amenipa la kukwambia. Yeye alianza dawa mwanzo wa kusi kali, vyombo vikiwa vimepandishwa pwani na hakuna anayetoka. Miezi mitatu hakukosa hata asubuhi moja, kipimo kikatulia, akawa anajua mwili wake. Kaskazi lilipoanza alichukua kazi ya uvuvi wa kulala na kuamka, anatoka jioni anarudi alfajiri, na samaki wake huwashusha kabla ya dirisha kufunguliwa. Hapati kama wa Kiunga, lakini anapata. Kusi limeanza wiki hii. Chombo kipandishe, na kesho asubuhi uende.